Nna raki 47 za plastiki kutoka hotelini na mama kanipa mpaka Ijumaa, nizifanyie nini?

mchukuzi_bwejuu

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mie nnafanya kazi ya kuosha vyombo hoteli moja huku Kusini Unguja, jina naliacha. Wiki ilopita wamefunga mashine mpya ya kuoshea vyombo na raki za ile ya zamani (yale makreti ya kupangia vyombo ndani ya mashine) zikatolewa zote nyuma ya stoo kusubiri gari ya taka, mie nikazitazama nikaona mbona hizi nzima hizi, nikamuomba msimamizi, akanipa na karatasi ya kutokea getini, nikakodi gari ya ng'ombe nikazileta nyumbani.

Hesabu yake: raki 48, zote mraba wa sentimita 50 kwa 50. 18 ni za glasi zenye vyumba 25, 14 zina vyumba 36, 9 zina vijiti vya kusimamishia sahani, na 7 tambarare chini wavu wavu tu. Halafu trei za mayai za plastiki kama 40, zile za mayai 30, na trei za kahawia za kubebea chakula 20, nzito nzito, baadhi zimemeguka pembe.

Mama karudi pwani kazikuta zimepangwa barazani mpaka dirishani, akaniambia "yaani jaa la hoteli ndo umenihamishia mie?" Kanipa mpaka Ijumaa. Moja ya vijiti nishampa dada yangu kaitundika jikoni anasimamisha sahani na mifuniko ya masufuria, hiyo imepita bila ugomvi. Zilobaki 47 ndo nawauliza. Na tafadhali msiniambie nichome moto mana jirani keshanipa ushauri huo bure.

bi_tungule

Waalaykum salaam mwanangu. Za vyumba 25 usimpe mtu hata moja! Hivo ni vitalu tayari, hujui ulichokiokota.

Mie nna bustani huku Tunguu, shemegi yangu aliniletea nne tu za namna hiyo na sasa hivi ukija kunichukulia moja tutagombana. Fanya hivi, kusanya chupa za maji za lita moja na nusu (huko kwenu zimejaa), zikate ubaki na upande wa chini urefu wa kiganja na vidole, toboa matundu matatu kwa msumari wa moto. Kila chumba chupa moja, inaingia kwa kukaza haianguki hata upepo wa kusi uvume vipi. Za vyumba 36 zinapokea chupa za nusu lita, zinacheza kidogo lkn si neno. Sasa utamu wake ni huu, unabeba miche 25 kwa mara moja. Asubuhi naitoa juani, jua likikaza naivuta chini ya muembe, masika ikimwaga naisukuma barazani. Zamani nilikuwa na vifuko vile vyeusi, kila nikihamisha kimoja kinapasuka kimoja kinalala ubavu, nikimaliza mgongo hauna kazi.

Tungule (nyanya) wiki tatu mpaka nne zishafika kuhamishwa. Bilingani na pilipili hivohivo, pilipili inachelewa kidogo. Papai ndo linapenda kabisa chupa mana halitaki mzizi wake uguswe guswe, ukifika wakati unaipasua chupa kwa mkasi unaliweka shimoni na donge lake.

Udongo mtupu usijaze, utaganda kama sementi. Nachanganya samadi ilooza, mchanga kidogo na vumbi la makumbi (maganda ya nazi). Na hapa kwenye makumbi nisikilize vizuri mana weye mtu wa pwani. Makumbi yalofukiwa pwani kwa ajili ya usumba (nyuzi za kusokotea kamba) yana chumvi. Mwaka jana niliwatuma wajukuu wakanijazia gunia zima la vumbi lake, nikapandia, siku ya kumi ncha za majani zimeungua kama zimepitishwa juu ya jiko. Nikasema ugonjwa huu, nikanunua dawa nikapuliza, yakazidi. Kuja kuonja lile vumbi ulimini, chumvi tupu! Miche karibu 80 ilikwenda. Chukua makumbi makavu ya shamba, au hayo ya pwani yaroweke maji matamu unamwaga unarudia mara nne tano. Na maji ya kisima chako pia yaonje kwanza.

Trei za mayai watu watakwambia otesha miche. Utaotesha, lkn kikombe chake kifupi, saa sita kishakauka. Labda mchicha au saladi, ikishatoa majani mawili tu ihamishe.

makweche

Hahaha hoteli wamepunguza mzigo wa gari ya taka wamekutwika weye na umeshukuru na nauli ya ng'ombe umelipa mwenyewe. Yakhe plastiki ni plastiki. Miaka miwili zitakuwa vipande vipande hapo ufukweni wanakula samaki na sie tunawala samaki. Mpigie mnunuzi wa plastiki za kilo aje azichukue, mama apate baraza yake.

fundi_kwerekwe

@makweche hujakosea yote lkn umefupisha mno. Plastiki kweli inakufa juani, ila hazifi zote sawa na haifi kwa siku moja, na raki ilotengenezewa mashine ya maji ya moto si sawa na kikombe cha mtindi. Kabla hujampelekea wa kilo itumie kwanza, mtu wa kilo hakimbii.

Kaka mchukuzi, kwanza ujue una plastiki gani. Geuza raki utafute alama ya pembetatu, ndani yake pana namba. 5 ni polipropilini, raki nyingi za mashine ndo hiyo. 2 ni ya madumu ya mafuta na kreti nyingi. Huoni alama? Kata kipande kama ukucha, tia kwenye kikombe cha maji yenye tone la sabuni, kizamishe kwa kidole halafu uachie. Kikipanda juu mara nyingi ni moja ya hizo mbili, unaweza kuiyayusha ukaiunga. Kikibaki chini ni kitu chengine, hiyo usiitie moto kabisa, kuna zengine zikiungua moshi wake sumu.

Zile trei zako za kahawia nnavohisi mie zitazama. Tazama pale zilipomeguka. Ukiona vinyuzi vyeupe basi hiyo ni faibaglasi, ndugu yake ile ya maboti. Haiyayuki, na ukiikata kwa msumeno bila ya kufunga pua utakohoa na ngozi itakuwasha mpaka kesho, waulize mafundi boti. Ziache zibaki trei. Zilomeguka pembe zisafishe kwa msasa uloloweshwa maji, vumbi lisiruke, halafu weka chini ya vyungu vya maua au mitungi.

Kuunga raki na raki msumari usipige, inapasuka. Supagluu usipoteze pesa, polipropilini haishiki kitu. Mie nachukua kisu kikuukuu, nakiweka kwenye makaa kiwe moto lkn kisiwe chekundu, nakipitisha kati ya kingo mbili zikae zinakibana huku na huku, zikianza kulia machozi nakivuta haraka nazibana kwa mikono nahesabu mpaka 30. Ikipoa hiyo utavunja pengine si pale. Ukiona moshi kisu kimepita moto, kipoze. Kazi hii ifanywe nje penye upepo. Hutaki moto, basi tumia zile kamba za plastiki zinazojikaza zenyewe, ila nunua nyeusi. Nyeupe ukiziweka juani hazimalizi kaskazi moja, zinakatika kimoja kimoja na unashangaa kabati limelala.

Mie kwa raki kama hizo nimetengeneza rafu ya spea za pikipiki gereji, tano juu kwa juu kwenye nguzo nne za mti, za vyumba 36 natia boliti na nati kila saizi chumba chake. Miaka mitatu ipo kwa sababu ipo ndani, jua haliioni. Huo ndo ufunguo wake. Kila baada ya miezi kadhaa pitisha kidole. Ukiona unga mweupe kama chaki, jua limeshaanza kuila. Ukiibonyeza ikavunjika bila ya kupinda imekwisha, hiyo ndo ya kumpa mtu wa kilo, isingoje mpaka imeguke ufukweni kama anavosema makweche. Na kuhusu kuwa plastiki ni plastiki, mmesahau lile jahazi la Flipflopi lilotoka Lamu likaja hapa Unguja 2019? Plastiki za takataka zile, na ubavuni limevishwa ndara zilookotwa pwani, wanasema kama elfu 30. Mie nlikwenda kulishika kwa mkono mana skuamini.

kuku_wa_fuoni

Za vijiti usizidharau. Ngoja nikwambie kitu utacheka, kuku wangu walikuwa wanapanda juu ya sinia la chakula wanaparura, nusu ya pumba inakwenda chini wanaichanganya na mavi. Nikachukua raki kama hiyo ya sahani nikaifunika juu ya sinia, vijiti chini. Sasa wanapitisha shingo wanakula, mguu hauingii. Chakula cha wiki kinafika siku tisa. Vifaranga wadogo lkn usiwawekee, wanapita wanakwama, nlimkuta mmoja kajibana katikati ya vijiti analia kama kachinjwa.

Trei za mayai mrudishie muuza mayai yeyote atakupa hata mayai ya kula. Ila kabla ya hapo OSHA. Mie nliazima trei kwa mfugaji mwenzangu zina kinyesi kilokauka pembeni, nikasema ah kidogo tu hicho. Baada ya wiki kideri kikaingia bandani, kuku 60 wakabaki 9. Siwezi kuapa kuwa ni zile trei lkn hakuna chengine kilichoingia siku zile. Roweka maji ya sabuni usiku mzima, sugua kwa brashi mpaka kwenye vikombe, suuza, tia maji ya jiki, anika juani. Brashi ya bandani isirudi jikoni.

Na mtu asikudanganye uende ukajazie na kreti za soda au za mkate za dukani, zile zina wenyewe na nyengine zina dipoziti. Jirani yangu alikata kreti nne za mkate akafanya viota, gari ya mkate ikaja kuzidai mbele ya watu.

dada_wa_mwani

Nimesoma mpaka hapa hakuna alosema kuanika, na mtu yupo Bwejuu! Mie Jambiani hapa, mwani tumezaliwa nao. Tangu kilimo chake kianze huku Paje na Jambiani 1989 mama zetu wengi walikuwa wanaanika chini, unaingia mchanga, mnunuzi anaukung'uta mbele yako na bei anaikung'uta papo hapo. Ndo mana chanja (kitanda cha miti cha kuanikia) ni kitu kikubwa kwetu.

Lkn tufanye hesabu. Raki moja ni robo mita ya mraba. Hizo saba zako tambarare ni mita moja na robo tatu. Kwa mwani wa kuuza hiyo ni kama kitambaa cha mkono, hata nusu ya polo (gunia) hutaanika. Kwaivo usimwambie mama yako atupe chanja lake la miti. Pale zinapofaa ni mwani wa kusaga unga wa sabuni, ule unataka uwe msafi hauna hata chembe, na kidogo kidogo. Naosha kwa maji matamu, natandaza upana wa safu moja, raki juu ya matofali manne hewa ipite chini. Jua zuri siku mbili tatu unavunjika kwa vidole.

Nyengine funga kwa kamba pembe nne, iwe susu. Si mnalijua susu, lile la bibi zetu la kuning'inizia chungu paka asifike? Basi susu la raki mbili, moja chini moja juu umbali wa dhiraa, ukalizungushia kipande cha chandarua kikuukuu ukakikaza chini, ndani unaanika dagaa wa mchuzi wa nyumbani, pilipili, ndimu za achari. Paka anakaa chini anatazama tu. Nzi pia. Langu lina mwaka wa pili, nalitundika ukutani upande wa kivuli chenye upepo, lkn la dagaa ni la dagaa peke yake mana harufu yake haitoki hata kwa ndimu, nilijaribu kuanikia mdalasini baadae nikaona haya mwenyewe.

Zilokuwa na vyumba unaweza kuzifanya tambarare pia. Tazama ubavuni, kwa baadhi ya raki ile sehemu ya juu huwa imepachikwa tu juu ya ya chini, tia bisibisi uinyanyue pembe moja moja. Ila bi_tungule asinisikie.

mtu_wa_konde

Salamu kutoka Pemba. Nataka kuwatahadharisha kabla hajatokea mtu wa kusema karafuu. Trei zisizo na matundu karafuu usianikie. Mie msimu mmoja majamvi hayakutosha, nikachukua trei za plastiki za ndugu yangu nikajaza karafuu mbichi tulizomaliza kuchambua usiku, nikazipandanisha ndani kusubiri jua la asubuhi mana wingu lilikuwa limefunga. Asubuhi nimefungua, moto! Zimetoka jasho chini zinanuka kama togwa. Nikazianika hivohivo, zikakauka nyeupe nyeupe zimesinyaa hazina kichwa, nlipopeleka kuuza zikatengwa pembeni. Jamvi linakunywa maji, plastiki hainywi. Raki ya wavu ni afadhali kwa vile hewa inapita, lkn matundu yake makubwa, karafuu na makonyo yote yanadondoka, mpaka utandike kitambaa.

Pale nnapoafikiana na bibie wa tungule ni miche. Mikarafuu nnaiotesha kwenye chupa za lita moja na nusu, hizi nazikata juu kabisa zibaki ndefu mana mzizi unashuka. Mbegu yake ukiiacha ikakauka imekufa, ipande mbichi mbichi. Inakaa kitaluni muda mrefu, si wiki nne kama tungule, na inataka kivuli, kwaivo raki yenyewe nayo inakaa kivulini haichakai. Tunasaidiana.

mchukuzi_bwejuu

Ndugu zangu nimerudi, wiki mbili zimepita, samahani kimya. Niwape habari.

Ijumaa ilifika nikiwa nimepanga raki za vyumba uani na za tambarare nimeziegemeza ukutani. Nlimsomea mama maneno ya dada_wa_mwani, hakusema kitu. Jumamosi narudi kazini nakuta raki tano tambarare zimefungwa kamba za minazi zinaning'inia chini ya paa la jiko, na vibua vilopasuliwa vimo ndani, na mie naambiwa nisiziguse kwa mikono ya sabuni ya hotelini! Mbili zilobaki kampa mwenzake wa mwani. Skuulizwa.

Kipimo cha maji nimekifanya. Vipande vya raki vyote vimepanda juu, na namba 5 nimeiona chini karibu na jina. Trei ya kahawia ilizama kama jiwe, na pembe iliyomeguka ina vinyuzi kweli. Ahsante fundi, nilikuwa nshashika msumeno.

Sasa kosa langu. Trei hizo za kahawia nlizipanga uani uso juu, ikapiga mvua usiku nikaziacha hivohivo. Siku ya nane mama ananiita njoo uone mifugo yako, natazama viluwiluwi vya mbu vinacheza kwenye trei karibu zote! Nikamwaga nikazifudikiza zote, na chupa za miche nikarudi kukagua matundu, tatu zilikuwa zimeziba na zina maji juu. Mwenye kujaribu azingatie, mana mbu ndo waletao homa ya dengi.

Miche: raki sita za vyumba 25 zimejaa tungule na papai, tungule zimeota, papai bado. Vumbi la makumbi nlipata la shamba kwa mtu wa Kitogani. Trei za mayai nimeziosha 40 zote, ilinichukua siku mbili na mikono imechubuka, muuza mayai kanipa mayai 15 na kasema nikipata nyengine nimpigie.

@fundi_kwerekwe swali, nataka kuunga raki nne za vyumba 36 ziwe rafu ya vitabu vya wadogo zangu, vyumba vile navikata vyote au naacha?

fundi_kwerekwe

Usikate. Zisimamishe kwa ubavu, vyumba vitazame mbele, madaftari yakunjwe yaingie kama barua posta, kalamu na rula chumba chao. Vitabu vikubwa havitaingia, hivo tumia za vijiti, simamisha kitabu katikati ya vijiti kama sahani. Ziunge kwa kisu zile kingo za nje tu, na nyuma ufunge kwenye ukuta mana watoto watapanda, wallahi watapanda.

makweche

Haya nimekubali nusu. Zile 14 za vyumba 36, nne umeshazitaja, kumi zilobaki unazitaka? Nna mtu ana gereji.

bi_tungule

Mtu ana gereji au weye ndo una gereji? Mwanangu usimsikilize, hesabu vizuri. 18 utoe sita ni 12 za vyumba 25. Nakuja Jumapili na gari ya mkwe wangu, nakuletea gunia la samadi na miche miwili ya shokishoki, na mama yako mwambie aniwekee vibua.